Mabaka Kwenye Mbao: Kupaka Staini Plaiwudi na Saiprasi kwa Fundi Anayeanza

Fundi anayeanza kwa kawaida hupata kazi yake ya kwanza karibu na nyumbani: kwa shangazi, kwa jirani, au kwa mwalimu aliyemfundisha shule ya msingi. Malipo huja mara mbili. Kwanza kuna arubuni, inayonunua mbao, misumari na gundi. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo jasho lake, hutolewa siku mteja anapokuja kuchukua kazi. Sasa mteja afike akute kabati limekatwa vizuri na limesimama wima, lakini rangi imekaa mabaka mabaka, hapa nyeusi, pale nyeupe, na ukingoni kuna mistari kama ya pundamilia. Hapo ndipo mazungumzo ya kupunguza bei huanza, na kinachopunguzwa si bei ya mbao. Mbao zilishalipwa. Ni jasho la fundi.

Mengi ya mabaka haya hayatokani na mkono mbaya. Yanatokana na mbao zenyewe, na yanaweza kuzuiwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupaka staini, yaani ile rangi inayopenya ndani ya mbao bila kuficha nyuzi zake, kwenye plaiwudi na mbao laini zinazouzwa Elburgon, Molo, Njoro na kwingineko katika kaunti.

Kwa nini saiprasi na paini hupata mabaka

Saiprasi na paini si miti ya asili ya Mau. Saiprasi inayopandwa kwa wingi nchini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na paini ya aina ya patula pia ilitoka Meksiko. Zililetwa enzi za ukoloni kwa sababu hukua upesi kuliko mierezi na podo za kienyeji. Mkulima hufurahia kukua huko upesi, lakini fundi wa kupaka rangi ndiye hubeba mzigo wake.

Mti unapopata mvua na kukua haraka, hutengeneza tabaka laini lenye vijitundu vipana. Ukuaji unapopungua, tabaka linalofuata huwa jembamba, gumu na lenye rangi iliyokolea. Hiyo ndiyo mistari tunayoiona kwenye ubao uliopigwa randa. Staini nayo, hasa ile ya bei nafuu iliyo madukani, ni chembe ndogo sana za rangi zilizoelea katika mafuta au maji. Chembe hizo hutafuta mahali pa kujificha. Kwenye tabaka laini hupata nafasi tele na kujazana. Kwenye tabaka gumu hukosa pa kushika na kufutika na kitambaa. Matokeo yake ni kwamba sehemu iliyokuwa nyeupe hugeuka nyeusi, na mstari uliokuwa mweusi hubaki umepauka. Wanaokumbuka kamera za filamu watasema ubao umegeuka negativu. Paini huonyesha jambo hili waziwazi kuliko saiprasi, ambayo mistari yake imepoa kidogo.

Kisha kuna vifundo, ambavyo mafundi wengi huviita macho. Kuzunguka jicho, nyuzi hupinda na kuelekea juu, kwa hiyo staini huzama hapo kwa wingi. Vivyo hivyo kwenye ncha ya ubao, pale msumeno ulipokata kukingama. Ncha hiyo ni kama fungu la mirija ya kunywea soda lililokatwa: kila mrija hunyonya. Ndiyo maana mbele ya rafu panaweza kuwa na rangi ya chai, na ncha yake ikawa nyeusi kama makaa. Paini huongeza lake: mifuko ya utomvu. Penye utomvu staini haiingii kabisa, na hubaki doa jeupe linalong'aa.

Kuna doa lingine ambalo halihusiani na staini. Gogo la paini likicheleweshwa msituni au mbao mbichi zikipangwa bila nafasi ya hewa, kuvu huingia na kuacha michirizi ya kibluu. Kuvu hiyo haidhoofishi sana mbao, lakini msasa hauitoi na staini ya rangi nyepesi haiifichi. Anayetaka kupaka rangi nyepesi aikatae mbao hiyo pale pale kwenye yadi, kabla hajalipa.

Plaiwudi ina siri yake

Plaiwudi hutengenezwa kwa kuzungusha gogo dhidi ya kisu kirefu, likamenywa kama mtu anavyokunjua karatasi. Tabaka hizo nyembamba hupakwa gundi na kubandikwa kwa kukingamana, na idadi yake huwa witri: tatu, tano, saba au zaidi. Kukingamana huko ndiko kunakoifanya isipinde kirahisi. Lakini kumenywa kwa kisu huacha nyufa ndogondogo upande mmoja wa tabaka, nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona hadi staini iingie. Kwa sababu hiyo plaiwudi iliyoonekana safi kama yai hutoa madoa yaliyotawanyika bila mpangilio.

Tabaka la juu ni jembamba mno. Aghalabu halifiki milimita moja. Fundi mwenye bidii ya kupita kiasi, hasa mwenye mashine ya kusugulia, hulitoboa bila kujua na kufikia gundi iliyo chini. Gundi hainywi staini. Doa hilo halina dawa, isipokuwa kugeuza ubao upande wa pili au kununua mwingine. Hapa bidii inamponza mtu.

Ukingo wa plaiwudi ndio wenye ile mistari ya pundamilia. Tabaka moja linaonyesha ubavu, linalofuata linaonyesha ncha, na ncha ndiyo inayonyonya. Wapo wanaoipenda mistari hiyo. Mteja wa kawaida haipendi, na njia ya heshima ni kuifunika kwa kijiti chembamba cha mbao kilichogundishwa mbele.

Kabati dogo la kujifunzia

Kwa mfano wa kazi inayoweza kumalizwa na mtu mmoja, tuchukue kabati la vitabu lisilo na milango: kimo futi 3, upana futi 2, kina futi 1. Lina mbavu mbili na rafu nne, ukihesabu ya juu kabisa na ya chini kabisa. Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4. Kabati hili linahitaji nusu yake tu, futi 4 kwa 4, yenye unene wa milimita 18.

Nusu hiyo hupasuliwa vipande vinne vya futi 1 kwa 4. Viwili vinatoa mbavu za futi 3 kila kimoja, na viwili vinatoa rafu nne za futi 2, pungufu kidogo kwa sababu meno ya msumeno nayo hula. Kwenye vile vya mbavu hubaki vipande viwili vya karibu futi moja mraba. Hivyo visitupwe wala kuwashia jiko. Ndivyo vitakavyookoa kazi yote, kama tutakavyoona. Mgongo hufungwa kwa plaiwudi nyembamba, na kingo za mbele hufunikwa kwa vijiti vya saiprasi.

Ukijumlisha pande zote zinazopakwa ni kama futi 34 za mraba, au mita 3.2 za mraba. Lita moja ya staini kwa kawaida hupaka mita 8 hadi 12 za mraba, kwa hiyo kopo la nusu lita linatosha na kubaki. Anayenunua lita nne kwa sababu "bei ni nafuu ukichukua kubwa" amefunga pesa za mteja ndani ya kopo.

Kopo likaguliwe kabla ya kulipwa. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) huwa na namba ya kibali chini yake, na mtu yeyote anaweza kuithibitisha kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya #, kisha namba hiyo, kwenda 20023. Hili ni la maana zaidi kwa samani za watoto, ambao hutafuna kila kitu.

Mbao iwe kavu kwanza

Mbao mbichi haipakwi staini. Maji yaliyomo huizuia rangi kuingia, na ubao ukikauka baadaye ndani ya nyumba ya mteja hupinda, viungo vikaachana, na mistari mieupe ikatokea palipokuwa pamefichwa. Saiprasi iliyotoka kupasuliwa huwa nzito na ya baridi ukiiwekea shavu. Ipangwe chini ya paa, si juani, ikiwa na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na ipewe miezi, si siku. Fundi asiye na muda huo anunue iliyokaushwa tayari, hata kama bei ni ya juu. Baada ya marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, ambayo Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo mnamo Julai 2023 kwamba imeondolewa, hakuna fundi wa kaunti hii anayehitaji kuambiwa ubao ulioharibika ni hasara ya kiasi gani.

Msasa: kazi inayochosha, na ndiyo inayoonekana

Msasa, au sandipepa, huanza na namba 100 au 120 kuondoa alama za randa na msumeno, kisha 150, na kumalizia na 180. Mkono ufuate nyuzi kila wakati. Mkwaruzo uliokingama hauonekani kwenye mbao nyeupe, lakini staini huingia ndani yake na kuuonyesha kama alama ya kalamu. Msasa ukungwe kwenye kipande cha mbao bapa, kwa sababu vidole peke yake huchimba mabonde kwenye tabaka laini.

Kwenye plaiwudi anza moja kwa moja na namba 150, kwa mkono mwepesi, kisha 180, basi. Kiwanda kilishaisugua. Kwenye ncha za ubao fanya kinyume: endelea hadi 240, ili vijitundu vifunge kidogo na pasinyonye kupita kiasi. Lakini usiipeleke kazi yote hadi 240 ukidhani ni ustadi. Uso uliolainika mno hukataa staini ya chembe, nayo rangi hutoka imepauka.

Gundi nyeupe iliyojitokeza kwenye viungo ndiyo adui asiyeonekana. Ikikauka huwa kama kioo, na staini ikipita juu hubaki doa jeupe pembeni mwa kila kiungo. Iache ishikane kidogo hadi iwe kama mpira, uibandue kwa patasi, kisha upanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kabla ya kupaka, futa kazi nzima kwa kitambaa kilicholowa tapentaini: penye gundi pataonekana papo hapo, pamepauka kuliko kwingine. Ni afadhali kugundua hapo kuliko baadaye. Mafundi wengine hupaka vipande vyote staini kabla ya kuviunganisha, na kwa anayeanza huenda hiyo ndiyo njia rahisi zaidi, mradi asipake sehemu zitakazoshikwa na gundi.

Vumbi la mbao si la kuchezea. Shirika la Utafiti wa Saratani Duniani, IARC, limeliweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ifunike pua na mdomo, na kazi ifanyiwe nje au mlangoni penye hewa.

Ziba kidogo, usizibe sana

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huiruka, na ndiyo inayotenganisha kabati lenye mabaka na lisilo nayo. Ikiwa tatizo ni kwamba sehemu fulani zinanyonya kupita kiasi, suluhisho ni kuzinywesha kitu kingine kwanza, kisicho na rangi. Zikishashiba, staini itaingia kwa kiasi kinachokaribiana kila mahali.

Kinachotumika ni sila ya mbao iliyopunguzwa makali kwa thina, kiasi cha sila moja kwa thina mbili. Asiyekuwa na sila anaweza kuchukua vanishi safi ya mafuta, sehemu moja kwa sehemu mbili za tapentaini. Paka kwa kitambaa au brashi, acha izame, futa inayobaki juu, subiri ikauke sawasawa, kisha pitisha msasa namba 180 mara moja tu, kwa wepesi. Ncha za ubao na mahali penye macho hupewa mkono wa pili.

Kipimo hiki si amri. Ukiweka sila nzito, umeufunga mlango. Staini itateleza juu na kufutika yote. Ukiweka nyepesi mno, mabaka yatarudi. Saiprasi na plaiwudi hazihitaji kiasi kilekile, na hata plaiwudi mbili kutoka viwanda viwili hazilingani. Kwa hiyo vile vipande viwili vilivyobaki vitolewe sasa.

Chora kipande kimoja sehemu nne kwa penseli. Sehemu ya kwanza usiweke sila, ya pili weka nyepesi, ya tatu kipimo cha kawaida, ya nne nzito kidogo. Paka staini zote nne, zikauke, kisha upake vanishi juu. Vanishi ni lazima, kwani staini ikikauka huonekana imepauka kama vumbi, na rangi yake halisi hurudi vanishi inapopita. Kipande cha pili kifanyie vivyo hivyo pamoja na kijiti cha saiprasi kilichogundishwa ubavuni, uone kama vinafanana. Kama saiprasi imetoka nyepesi kuliko plaiwudi, ipe sila kidogo zaidi upande wa plaiwudi, au ipe saiprasi mkono wa pili wa staini. Kipande hicho mwonyeshe mteja, achague, na ikiwezekana atie sahihi nyuma. Mteja aliyechagua rangi mwenyewe ni vigumu kuikataa baadaye.

Siku ya kupaka

Koroga kopo kwa kijiti hadi chini, kwa sababu chembe za rangi huzama. Kopo lisipokorogwa, rafu ya kwanza hutoka nyepesi na ya mwisho nyeusi. Kama makopo ni mawili, yachanganye kwenye chombo kimoja kwanza.

Tumia fulana kuukuu ya pamba. Paka upande mmoja mzima kwa wakati mmoja, toka ukingo hadi ukingo, ukifuata nyuzi, wala usisimame katikati kupokea simu. Staini iliyoanza kukauka ikikutana na mbichi huacha mstari. Iache dakika 2 hadi 5, kisha kwa kitambaa kingine kikavu futa yote iliyobaki juu. Neno "yote" lina uzito wake. Wengi huacha nyingine wakidhani ndiyo itakoleza rangi. Staini isiyofutwa hubaki inanata, na vanishi ikipakwa juu yake hubanduka kama ganda la yai. Ukitaka rangi iliyokolea zaidi, rudia mkono wa pili kesho yake.

Staini ya maji hukauka kwa saa chache, lakini hunyanyua nyuzi na kuufanya uso uwe wa kukwaruza. Dawa yake ni kuilowesha mbao kwa kitambaa chenye maji siku moja kabla, ikauke, uisugue kidogo kwa namba 180, ndipo upake. Staini ya mafuta ipewe saa 24 Naivasha au Gilgil, na siku mbili au zaidi Molo, Elburgon na Mau Summit wakati wa baridi. Jaribu kwa kidole kilichofungwa kitambaa cheupe; kikitoka na rangi, subiri.

Vanishi safi, isiyo na rangi, ndiyo inayofuata. Hapa kuna mazoea ya kuzungumziwa. Karakana nyingi huruka staini na kupaka vanishi yenye rangi ndani yake. Ni haraka, na kwa macho ya mbali inapendeza. Lakini rangi hiyo imekaa juu ya mbao, si ndani. Kona ikigongwa siku ya kuhama nyumba, ngozi hutoka na weupe wa saiprasi kuchungulia. Brashi nayo ikipita mara mbili mahali pamoja, hapo huwa peusi zaidi. Kwa anayeanza, staini chini na vanishi safi juu ni kazi ndefu lakini yenye nafasi ya kusahihisha.

Mkono wa kwanza wa vanishi upunguzwe kidogo kwa tapentaini, kisha mikono miwili mingine ya kawaida, na kati ya mkono na mkono msasa namba 240 au 320 upite kwa wepesi. Mkono wa kwanza wenye msasa mzito huifikia staini na kuitoa. Wengi wameumia kwenye kona. Wanaopuliza vanishi ya thina wangoje staini ya mafuta ikauke kabisa, na wasipulize siku ya ukungu au mvua, kwa kuwa unyevu wa hewa huacha wingu jeupe chini ya mng'ao.

Matambara yanayojiwasha yenyewe

Ajali iliyo kubwa kuliko mabaka yote hutokea baada ya kazi kwisha. Staini na vanishi za mafuta, hasa zenye mafuta ya kitani, haziishii kukauka kwa hewa kama maji. Hushikana na oksijeni, na tendo hilo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo bila madhara. Kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye pembe, juu ya maranda, hulihifadhi, na baada ya saa kadhaa kinaweza kuwaka bila kiberiti wala sigara. Karakana huwa imefungwa wakati huo na fundi amelala.

Kwa hiyo matambara yote yenye staini au vanishi ya mafuta yatandazwe nje, moja moja, kwenye waya au ukuta wa mawe, hadi yawe makavu na magumu. Au yatiwe kwenye mkebe wa chuma wenye maji na kufunikwa. Jiko la makaa lisiwe karibu na thina.

Thina na tapentaini visihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, hata kwa usiku mmoja. Mtoto hawezi kutofautisha. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa kimiminiko hicho kikiingia mapafuni wakati wa kutapika hudhuru zaidi. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Rangi za jikoni, na oili chafu

Asiye na pesa ya kopo bado ana njia. Chai ya rangi iliyochemshwa ikakolea hutoa hudhurungi nyepesi. Siki iliyolowekwa stili wuli kwa siku kadhaa, ikipakwa juu ya mbao iliyokwisha kupakwa chai, hugeuka kijivu au nyeusi, kwa kuwa chuma hukutana na tanini ya majani ya chai. Inapendeza kwenye stuli na fremu za picha. Ijaribiwe kwanza, maana matokeo hutofautiana ubao kwa ubao.

Oili chafu ya gari ibaki kwenye nguzo za ua. Ndani ya nyumba hunuka, huchafua nguo, ina sumu ya injini, na vanishi haikauki juu yake.

Saiprasi haigeuki mahogani

Rangi ya mahogani ndiyo inayoombwa zaidi, na hakuna kosa kuipaka kwenye saiprasi. Kosa ni kumwambia mnunuzi kwamba kitanda ni cha mahogani. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza kudai kwamba bidhaa ina ubora au daraja isiyokuwa nayo. Mnunuzi naye ana kinga rahisi: atazame chini ya rafu, nyuma ya droo na ndani ya miguu, mahali ambapo fundi huwa hakupaka. Nyeupe yenye macho ni saiprasi au paini. Uzito pia husema. Kwenye risiti liandikwe jina la mbao, kisha jina la rangi, mambo mawili tofauti.

Anayetaka kujifunza haya kwa mikono anaweza kuanzia kwenye vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti, kama Katiba ya 2010 ilivyoelekeza katika Jedwali la Nne, ambako useremala ni mojawapo ya kozi zinazofundishwa. Na fundi aliyejifunza kwa jirani bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akianzia Daraja la Tatu. Katika zabuni za serikali, asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu, na madawati ni miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa njia hiyo.

Kuhusu lile kabati, mkono wa mwisho wa vanishi ukishakauka kwa kuguswa bado haujakomaa. Lipelekwe kwa mteja likiwa limefunikwa kwa shuka, si nailoni, ambayo hung'ang'ania vanishi changa. Aambiwe asipange vitabu kwa wiki moja, na kama nyumba ni ya Molo, wiki mbili, la sivyo majalada yatashikamana na rafu.